Yai Juu ya Ugali Wako

Nafula mwanangu,

Umeenda Kachibora kumuaga kukhu wako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, nyanya huyo hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Kwa hivyo nina nafasi. Jua bado liko juu, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni na ile kalamu uliyoniachia. Baba yako amepita kuchukua maji ya kunywa, akaniona nikiandika, akacheka. Ati namwandikia barua mtu ambaye jioni hii tutakula naye pamoja. Nimemwambia arudi shambani akapalilie.

Habari za kufunga mlango, kuanua nguo kabla ya mvua ya mchana na kutoazima watu sufuria yako mpya, hizo sitaandika. Umenisikia nikizisema tangu ukiwa darasa la tatu na bado huanui nguo. Mambo ya kanisa na ya wanaume pia tumeyamaliza, au tuseme mimi nimeyamaliza na wewe ulikuwa unaangalia simu. Kesho unaenda kuwa mwalimu. Hayo utajipanga mwenyewe.

Naandika kwa sababu ya maneno uliyosema juzi tukichambua sukuma. Mwalimu mkuu wa shule unayokwenda, kule upande wa Misikhu, alikuwa amekupigia simu. Ati pamoja na kufundisha Kiswahili utashika timu ya voliboli, na wiki ya kwanza tu uchague wachezaji, kwa maana mashindano yako karibu na wasichana wanaotaka ni wengi mno. Ukakata simu, ukashika jani lingine la sukuma, ukasema, "Mimi sitachuja mtoto wa mtu. Atakayekuja, yuko kwa timu." Ukaniangalia kidogo, ukarudisha macho kwenye karai. Tulijua sote wawili unazungumzia nini. Mimi nikasema sawa. Hiyo sawa imenikaa kooni tangu juzi, haipandi haishuki.

Basi wacha niirudie hadithi yetu. Unaijua, lakini unaijua kutoka upande wa meza. Mimi nikupe ile ya upande wa jikoni.

Pale shuleni Kitale, ambapo mimi nilipika na wewe ukasoma, mwalimu wenu wa michezo hakuwahi kumwambia msichana kwamba ameachwa. Mwalimu Barasa hakusoma majina, hakubandika karatasi, hakumwita mtu pembeni. Wakati wa majaribio, wote waliotaka voliboli walikula kwenye meza ya kona, ile ya timu. Walikula ugali na sukuma kama wengine, ila wao juu ya ugali waliwekewa yai la kuchemsha, na kikombe cha maziwa kando. Kila jioni kabla ya kengele, Barasa alikuja kwenye dirisha langu, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini nani na nani wasiwekewe yai tena. Sahani zenu nilizijua, mlikuwa mmezikwaruza majina kwa msumari. Msichana akija akakuta sahani yake haina yai, alielewa. Aliichukua, akahamia meza zile zingine, na mambo yakaisha. Hivyo ndivyo mchujo ulivyofanywa katika shule yetu, na aliyeufanya kwa mkono wake ni mimi.

Wewe hukujua kwamba niliufanya miaka mingi bila hata kuwaza. Kwangu ilikuwa kazi kama kupima chumvi. Nikiambiwa yai lipungue, linapungua. Kulikuwa na mtoto mmoja, Chebet, kabla wewe hujaingia kidato cha kwanza. Alikuwa mfupi, mchangamfu, ana nywele za kukatwa na masikio ya kuchomoza. Siku yake ilipofika hakuhama meza. Alinijia dirishani na sahani mkononi, akaniuliza kwa adabu, "Mama, umenisahau?" Nikamwambia aende akale, ugali unapoa. Akasimama kidogo, akaiangalia ile sahani, akasema asante. Alisema asante, Nafula, na mimi nikaendelea kukwangua sufuria.

Baada ya hapo, saa ya michezo ikifika, Chebet alikuwa anakuja nyuma ya jikoni kutusaidia kuchagua maharagwe. Nilimpenda sana, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wapishi wenzangu walisema huyu ataolewa mapema, naye alicheka. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtoto aliyekuwa akilala na mpira kitandani sasa anachagua mawe kwenye maharagwe wenzake wakipiga kelele uwanjani. Angalau anapumzika, nilisema. Kumbe anajificha.

Halafu ikafika zamu yako.

Ilikuwa jioni ya kuamkia safari ya Bungoma, yale mashindano ya mwaliko mliyoyasubiri muhula mzima. Barasa alikuja dirishani kama kawaida lakini hakuinama. Alisimama akiangalia viatu vyake. Akasema, "Mama Nafula, leo ni Nafula. Pole, lakini sina njia nyingine." Nikamjibu haya. Nilimjibu vile vile nilivyomjibu siku zote, hata sijui alionaje uso wangu.

Nikaanza kupakua. Nilikuwa na yai langu kwenye mfuko wa aproni, la yule kuku wetu wa madoadoa, nililolichemsha nyumbani asubuhi nile na chai. Nilipofika kwenye sahani yako mkono ulikataa. Mkono huu huu uliopakulia watoto wa watu miaka yote hiyo, siku hiyo ati ukakataa. Nikalimenya lile yai, nikaliweka juu ya ugali wako. Nilijiambia ni yai tu. Nilijiambia ale kwanza ashibe, halafu nitamwita nimweleze polepole kama mama.

Ukala. Nilikuona ukilikata kwa kijiko mara nne ili lisiishe haraka. Ukaja dirishani na sahani tupu, meno yote nje, ukaniambia, "Mama, nimepita!" Hukungoja jibu, ulikimbia bwenini kupanga begi. Dirisha lilikuwa wazi na sauti yangu unaijua, ningekuita ungenisikia hadi langoni. Nikachukua kitambaa nikapangusa meza iliyokuwa safi.

Asubuhi nayo nilijitia shughuli na uji. Niliukoroga mpaka ukataka kugeuka ugali. Basi lilikuwa langoni, shule nzima imetoka kuimba, na wewe ulikuwa umeingia mapema ukakamata kiti cha dirishani. Barasa akasimama mlangoni akigawa jezi, anamwita mtu, anampa yake, anapanda. Jezi zikaisha. Akaingia ndani akakuona. Hayo mengine uliyaona mwenyewe, mimi niliyaona kupitia moshi. Alikuambia ushuke. Nawe ukamjibu mbele ya wote, kwa sauti ya mtoto anayejua ana haki yake, "Lakini mwalimu, nilikula yai."

Walicheka. Hata waliokuwa wakiimba waliacha kuimba wakacheka. Barasa aligeuza kichwa polepole akaangalia jikoni, na wewe ukafuata macho yake, na hapo ukajua. Ulishuka na begi lako, ukapita mbele ya dirisha langu bila kuangalia ndani. Ulininunia muhula mzima. Jina la Yai ulilibeba mpaka ukamaliza shule, na mpira hukuugusa tena mpaka ulipofika chuo, ambako hakuna aliyelijua. Nilikuomba msamaha likizo ile, ukasema sawa mama. Sawa yako ilikuwa kama hii yangu ya juzi.

Tangu hapo tumejifunza kulicheka hilo jambo. Mjomba wako akija anaomba yai, tunacheka. Ni vizuri, sikatai. Lakini kucheka si kuzungumza, na sasa naona umelibeba mpaka kazini.

Wacha nikuambie kilichotokea baadaye, wewe ukiwa umeuacha mpira. Mwaka uliofuata, majaribio yalipoanza, nilimwambia Barasa kwamba mayai nitachemsha ya kila aliyeanza, mpaka msimu uishe, na habari za nani ameachwa awape mwenyewe. Alikasirika. Akasema mimi ni mpishi, nisimfundishe kazi. Nikamwambia ni kweli mimi ni mpishi, ndiyo maana sitaki kazi yake. Akaenda. Jikoni kwangu paliangalia uwanja, unakumbuka, basi nikamwona siku ya kuchuja. Wasichana wameketi kwenye nyasi na yeye amesimama mbele yao, jitu zima lile ambalo sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Akafungua mdomo. Akafunga. Akawaambia wakimbie raundi nyingine. Wakakimbia, wakarudi, wakaketi, akawaambia wakimbie tena. Mwishowe alimnong'onezea kapteni, akaondoka kuelekea ofisini, na yule mtoto wa watu ndiye aliyewaambia wenzake.

Siku hiyo ndiyo niliacha kumchukia. Nilikuwa nimemwona ni mtu mkatili anayeumiza watoto kwa yai. Kumbe alikuwa mwoga tu. Alitafuta mahali pa kuweka lile neno ili lisitoke mdomoni mwake, akapata dirisha langu. Mimi nami nilipotakiwa kulisema kwa mtu ninayempenda, nikatafuta mahali pa kuliweka, nikapata yai.

Sasa wewe unasema hutachuja mtu.

Nafula, nimelifikiria sana hilo, nimelifikiria hata nikiwa kanisani, Mungu anisamehe. Sikuambii kwamba kuchuja ni kuzuri. Mtoto wa miaka kumi na minne hajamaliza kuwa yeye. Leo ni mfupi, ana masikio ya kuchomoza, likizo mbili zikipita amekuwa mrefu kuliko mlango, nawe ulishamwambia hafai. Nimewaona wengi wa hivyo. Na uwanja nao ni mkubwa, sioni ni kwa nini mtu afukuzwe saa kumi ya jioni anapotaka kupiga mpira na wenzake. Hilo sitalikubali hata nikiletewa wizara yote. Na kama huko kuna mambo ya meza ya timu, wewe pigana nayo. Aliyeachwa na timu njaa haijamwacha.

Lakini pia nimeona basi likirudi. Nimeona timu ikishuka na kikombe, na watoto wote, hata wale walioachwa, wakitunyang'anya mifuniko ya sufuria ili wapige ngoma. Walifurahi kwa sababu waliokwenda walikuwa wanaweza. Mtu akienda uwanjani kwa niaba ya shule nzima, kuna mahali fulani lazima mtu amechagua. Ningekuwa mimi ningeacha mazoezi yawe ya wote, na basi liwe la wachache. Pengine nakosea. Wewe ndiye uliyesoma mambo ya watoto, na shule ni yako.

Ninachokijua ni kidogo tu. Ukiwaita wote timu, watafurahi sana. Watakuita Ticha mzuri. Watafua viatu, watawaambia mama zao kwa simu. Halafu siku ya basi itafika, viti vitahesabiwa, na utafanya nini? Mtoto atakuwa amekaa dirishani na begi lake. Hapo utakuwa umewachemshia wote yai, mama.

Nilikuona juzi ukisema yale maneno. Ulikuwa na uso wa mtu mwenye huruma, na kweli unayo, sikunyimi. Ila nilikuangalia vizuri zaidi. Huogopi wasichana wale kuumia. Unajua wataumia tu, leo au siku ya basi. Unaogopa kuwa pale mbele yao wakiumia. Usinikatalie, mimi najua ulikoutoa woga huo, ni kwangu.

Kwa hivyo ukimwacha mtu, mwite. Usimtume kapteni, usibandike ubaoni ukakimbilia ofisi ya walimu kunywa chai. Kaa naye chini kwenye nyasi, umwambie kwa mdomo wako ameachwa, na kwa nini, na kesho saa kumi aje mazoezini kama kawaida. Atalia. Wengine hawatalia, watasema asante, hao ndio uwaangalie zaidi. Usiondoke mpaka yeye aondoke. Ni hivyo tu. Mimi sikuweza kufanya hivyo kwa mtoto mmoja, nawe utafanya kwa wengi wiki yako ya kwanza, na nakuonea huruma.

Na sasa nifike kule nilikokuwa nakuzungukia tangu mwanzo wa barua.

Kuna jambo ambalo nyumba hii imelishika vibaya miaka yote. Ulituambia Barasa alimpa nafasi yako yule binti wa mwenyekiti wa wazazi kwa sababu ya baba yake. Mimi niliitikia. Baba yako akaitikia, na mpaka leo akikutana na Barasa sokoni anajifanya anaangalia viazi. Sote tukakuambia ulionewa, ulikuwa bora kuliko yeye, ni siasa za shule. Tulisema hivyo mara nyingi mpaka ikawa kweli, na naona ndiyo inayokufanya uape kwamba hutachuja mtu.

Nilikuwa dirishani, Nafula. Niliwaona kila jioni nikisubiri maji yachemke. Wewe uliruka vizuri, hakuna aliyeruka kama wewe. Lakini mpira ukija na nguvu ulifumba macho ukageuza uso. Kila mara. Wenzako walikuwa wanahama mahali pao kuja kuuokoa mpira uliokuwa wako. Yule binti alijirusha kwenye vumbi mpaka magoti yakatoka damu, na mpira ukainuka. Baba yake hakuwa na lolote hapo. Mwalimu aliona sawa, na mimi niliona alichokiona, kabla hajaja dirishani nilikuwa nishajua. Hukuonewa. Mwaka ule, kwa timu ile, hukutosha.

Nimeiandika hiyo sentensi nikaenda nje, nikarudi, na bado ipo. Sitaifuta. Ningekuambia jioni ile ungelia, ungenuna siku mbili, pengine ungejifunza kufumbua macho ukarudi kidato cha tatu ukachukua jezi yako. Au usingerudi, na ingekuwa sawa vile vile. Nilikunyima kuchagua kwa sababu sikutaka kuona uso wako ukibadilika. Haikuwa huruma hiyo, nilikuwa najihurumia. Na kwa kukupenda, nilikupenda na mpira na bila mpira, kiasi kile kile, hata jioni ile uliponikimbia na meno yote nje.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuiweka barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukifungua begi huko Misikhu. Nimeikunja, nimeinuka, nimefika mpaka mlango wa chumba chako, nikajiona. Nikarudi nikaketi. Mimi huyu huyu tena, natafuta mahali pa kuliweka neno ili nisiwepo likifika.

Basi nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala. Baba yako nitamtuma kwa jirani. Nitakaa kiti cha upande wa pili wa meza mpaka umalize, wala sitapangusa chochote. Ukitaka kukasirika, nikasirikie hapa, usiende na hasira hiyo Misikhu kwa watoto wa watu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, mimi siendi popote.

Umefika mwisho. Weka karatasi chini, mama, uniangalie.